Mkonge Hauoti Suji

Nilikabidhi funguo za chumba cha macho cha hospitali mwezi uliopita. Siku ile mliniomba niwaandikie mambo ya kazi, nami nikakubali kwa sababu nilikuwa nimechoka na keki ilikuwa imeshakatwa, nikataka kwenda nyumbani. Sasa nimekaa barazani, mgongo unauma, na kisingizio sina tena. Haya, someni.

Vyeo sitaviandika. Kila aliyekaa muda mrefu pale alipata cheo, hata wale waliokuwa wanakuja kazini kunywa chai. Nitaandika kazi yenyewe, na zaidi nitaandika kosa moja nililolifanya kwa mkono wangu, kwa sababu najua na ninyi mtalifanya kama hamjaambiwa.

Siku yangu ya kwanza nilipangiwa kwa Mzee Yafeti. Alikuwa tabibu wa macho, mfupi, mwenye sauti ya chini, na alivaa koti la kazi lililokuwa refu kuliko yeye. Hata sijatundika mkoba, akaingia mwanamume kutoka mashamba ya mkonge huko bondeni, amejifunga kanga usoni. Mwiba ulikuwa umeingia jichoni mzima mzima. Mzee Yafeti akaniambia nishike kichwa. Nikashika. Nikafumba macho, naye bila hata kunitazama akasema, "Ukitaka kuanguka, binti, angukia upande ule. Huku kuna vifaa." Sikuanguka. Nilitapika baadaye, nje, nyuma ya tangi la maji, nikarudi kushika kichwa cha mwingine.

Ndiyo ilikuwa kazi. Mkonge, vikope vya Wamasai wa tambarare, mtoto wa jicho wa wazee wa milimani, na vipande vya chuma vya mafundi. Kwenye daftari letu kubwa kulikuwa na safu ya "sababu", na kwa wenye jicho moja safu ile ilijaa mkonge ukurasa baada ya ukurasa. Mkonge wa kukata, mkonge wa kubeba, mkonge wa uzio mtoto alipoukimbilia mpira. Ilifika mahali mgonjwa akiingia ana jicho moja, kalamu yenyewe inakwenda.

Mzee Yafeti alinifundisha kutumia kile kitochi cha kuangalia ndani ya jicho. Funga dirisha, kaa umbali wa mkono, chungulia kwenye tundu, angalia mboni. Jicho zima linakurudishia mwanga mwekundu. Likikurudishia weupe, hasa kwa mtoto mdogo, weka kila kitu chini. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, inaweza kuwa saratani ya jicho, na hiyo saratani haisubiri mvua ziishe. Alisema tuwaangalie watoto wote wa siku ya chanjo. Nilifanya hivyo miaka mingi, nikaitwa msumbufu na akina mama waliotaka kuwahi mnada. Msumbufu ni jina zuri, litumieni.

Alikufa kabla hajastaafu, masikini. Angekuwepo, labda angeniuliza swali ambalo mimi sikumwuliza Eliamani.

Eliamani ni fundi wa kuchomelea mageti, karakana yake ipo karibu na stendi pale Same. Alikuja mara ya kwanza na kipande cha chuma kwenye jicho la kushoto. La kulia hakuwa nalo kabisa, kope zimelala juu ya shimo. Nilipomaliza kukitoa kile chuma nilimfokea, sikuwa na haya.

"Una jicho moja, halafu unachomelea bila miwani? Hili nalo unataka kumpa nani?"

"Miwani inatia ukungu, sista."

"Na kaburi je, halitii ukungu?"

Akacheka. Ni mtu wa kucheka. Nikavuta daftari. "Hili la kulia lilipata nini?"

"Mkonge. Nilikuwa bado natambaa. Mama anasema niliangukia mkonge."

Nikaandika: jicho la kulia, mwiba wa mkonge, utotoni. Juu yake, mstari uleule, nilikuwa nimeshaandika alikozaliwa: Suji. Sasa mimi ni mtoto wa mlimani. Nimezaliwa Shighatini, kule Ugweno. Najua kabisa kwamba huku juu kwenye baridi mipaka yetu ni masale, ile mimea ya majani marefu ya uzio, na nyuma ya masale ni migomba na kahawa. Mkonge ni wa bondeni. Mtoto anayetambaa Suji ataangukia mkonge gani? Maneno yote mawili nimeyaandika mimi, kwa wino mmoja, na sikuyaona. Nilimwita anayefuata.

Miaka ikapita. Siku moja akarudi, safari hii hacheki. Alikuja na mkewe Nakijwa na binti yao Ester, ana miaka miwili na nusu, amevaa viatu vinavyolia kila akikanyaga. Nakijwa alinipa simu. Ilikuwa picha ya Ester aliyopigwa ndani, kwa mwanga wa simu. Jicho moja jekundu, moja jeupe.

"Wifi yangu anasema ni simu mbovu," alisema. "Lakini nimempiga na ya jirani, ni hivyohivyo."

Nilifunga dirisha, nikachungulia. Sikuwa na haja ya kuchungulia sana.

Niliandika barua ya rufaa ya kwenda hospitali ya Moshi palepale, na kwa kuwa nilijiona mtu makini nikaandika na habari za familia: "Baba ana jicho moja, jingine lilipotea utotoni kwa jeraha la mwiba wa mkonge." Nikapiga mhuri. Moshi wakamtoa Ester jicho, wakampa dawa za saratani kwa mishipa, nywele zikaisha. Lakini ugonjwa ulikuwa umeshatambaa nyuma ya jicho, kwenye mshipa unaokwenda kichwani. Alikaa nasi miezi tisa. Mazishi yalikuwa Suji na mimi sikwenda, nilikuwa zamu. Ningeweza kubadilishana na mtu. Sikutaka kuona lile jeneza.

Kabla ya mazishi hayo, Nakijwa aliwauliza madaktari kama atakayefuata naye atakuwa hivyo. Wakamjibu kwa uaminifu, kwa kile walichokuwa nacho mkononi: kama hakuna mwingine katika familia, uwezekano ni mdogo. Baba je? Baba ni mkonge. Imeandikwa, ina mhuri.

Hapa niwaeleze jambo lenyewe, maana nyinyi wengine mlikuwa mnasinzia kwenye semina. Saratani hii ya watoto ina aina mbili. Moja inampata mtoto kwa bahati mbaya tu, inaishia kwake. Nyingine ni ya urithi: kuna kasoro kwenye kinasaba kimoja, mtu anayo mwili mzima, na kila mimba atakayoitia au kuibeba ni nusu kwa nusu kuirithisha. Mtu wa namna hiyo anaweza kupona akiwa mchanga kwa kutolewa jicho moja, akakua, akaoa, akachomelea mageti ya mji mzima, wala asijue. Ndiyo maana jicho lililopotea kabla mtu hajaanza kusema sentensi nzima ni la kuuliza mara mbili. Mwiba uliuona? Nani aliuona? Ulikuwa wapi?

Mimi nilikuja kuuliza nikiwa nimebakiza kama miaka miwili kazini. Tulipanda Suji kwa kliniki ya siku moja, kuchambua wazee wenye mtoto wa jicho. Gari liliishia kwenye tope, tukamalizia kwa miguu, masanduku kichwani. Nilikuwa nahema kama nimefukuzwa. Nikasimama kupumua, mkono nimeshika masale ya uzio wa watu, na nilipoinua uso naona uzio mwingine wa masale, na mwingine, mpaka kule mlima unapokatika, mkonge hakuna hata mmoja. Nikasema kwa sauti, "Loh!" Dereva akadhani nimeumwa na nyoka.

Kwa sababu wiki hiyohiyo nilikuwa nimemwona Nakijwa sokoni Same, amebeba fungu la majani ya maboga, na tumbo la miezi minane.

Mama yake Eliamani alikuwa kwenye foleni yangu. Bibi Naetwe, mjane, zaidi ya miaka sabini, mtoto wa jicho macho yote mawili. Nilimjua kwa jina la ukoo kwenye kadi. Nikampima kama wengine, kisha nikamwambia nitampeleka nyumbani kwake mwenyewe, kwa kuwa haoni njia vizuri. Wenzangu walishangaa. Sikuwa na sifa ya kusindikiza wagonjwa.

Kipare chake na Kigweno changu havisikilizani, basi tukaongea Kiswahili. Akanipakulia makande. Nilikula nusu sahani ndipo nikasema.

"Mama, huku kwenu kuna mkonge?"

"Mkonge? Huku baridi, mwanangu. Wa nini?"

"Ule uliomchoma Eliamani."

Alikuwa ameshika mwiko, akaendelea kuushika. Nilisikia kuku wanaparura nje.

"Nani amekutuma kuuliza?" alisema. "Wakwe?"

"Hakuna aliyenituma. Nakijwa ana mimba."

"Najua ana mimba! Mimi ndiye ninayemwombea kila asubuhi."

Kisha akaanza kulia, na akiwa analia akasema yote, kwa haraka, kama mtu anayetaka kumaliza kabla hajajirudi. Eliamani hakuchomwa na kitu. Alipokuwa na mwaka na miezi kadhaa jicho lake liling'aa, likaanza kuvimba. Mumewe akamteremsha Moshi, jicho likatolewa. Daktari akawaambia ni uvimbe mbaya, na akamwambia mama: kila mtoto utakayezaa umlete tumwangalie mapema, na huyu akikua, watoto wake nao waletwe.

"Sikuzaa tena," alisema. "Nilikuwa na nguvu za kuzaa, lakini niliogopa. Eliamani ndiye wa mwisho."

"Na mkonge?"

"Nilikuwa na mabinti wanne ndani ya nyumba hii, hawajaolewa hata mmoja. Wewe si Mpare? Hujui watu wanavyokuja kuulizia?"

Najua. Kwetu posa haiji kabla watu wa upande ule hawajatuma mtu wa kupita kwa majirani, polepole, anaomba maji ya kunywa, anauliza: nyumba ile kuna kifafa? Kuna kichaa? Kuna ugonjwa unaorudi? Jibu likiwa ndiyo, yule mtu anashukuru kwa maji na hamumwoni tena. Mwiba hauko kwenye orodha hiyo, maana mwiba haurithiwi. Basi walipotoka Moshi, mume na mke walikubaliana kwenye njia ya kupandia kwamba mtoto amechomwa na mkonge kwa shangazi yake bondeni. Mabinti wote wanne waliolewa. Mume akafa. Uongo ukabaki na mtu mmoja, na kadiri miaka ilivyokwenda yeye mwenyewe akaanza kuuona ule mwiba.

"Ester alipougua," nilimwuliza, "kwa nini hukusema?"

"Nilitaka kusema. Nilikuja mpaka hospitali, nikakuta Nakijwa amembeba, nikaona nikisema sasa hivi nimemwua mimi." Akajifuta kwa ncha ya kanga. "Na nikisema leo, yule binti ataondoka na mimba yake. Atasema tulimficha. Na ni kweli tulimficha."

Nilikuwa na hasira naye, nisiwadanganye. Mtoto alikuwa na viatu vinavyolia! Lakini hasira ile ilikuwa haina pa kukaa, kwa sababu mkono ulioandika ulikuwa wangu.

Nikamwambia, "Mama, wewe ulisema. Mimi ndiye niliyeandika, nikapeleka Moshi na mhuri juu, wakati najua Suji hakuna mkonge. Hatutagombana nani zaidi. Mtoto anayekuja lazima aangaliwe wiki za kwanza tu, kabla jicho halijabadilika. Kama kuna kitu kidogo watakichoma kwa mwanga, macho yabaki. Tukingoja mpaka simu ionyeshe weupe, tumerudi kule kule."

"Basi kawaambie wewe."

"Mimi nitasema langu. La kwako siwezi kulisema."

Akaomba nimtafutie viatu vyake, vilikuwa mvunguni.

Alishuka na gari letu, amekaa mbele, ameshika begi mapajani mpaka Same. Tulimkuta Eliamani nyumbani, anakula. Nakijwa alikuwa uani anaanika nguo. Akaja, akampigia mama mkwe magoti na shikamoo, akaambiwa akae. Bibi Naetwe alisema maneno yake amesimama. Hakujitetea. Hata la mabinti wanne hakulisema, mimi ndiye niliyelisema baadaye.

Eliamani alijishika pale pasipo na jicho, kwa kiganja kizima.

"Kwa hiyo Ester nilimpa mimi."

"Hukumpa kwa kutaka," nilisema.

"Lakini ni mimi."

Nikamwambia ndiyo, huenda, kwa sababu nilikuwa nimechoka kusema mambo yasiyo kweli. Na nikamwambia na lake: watu wenye kasoro ile wanaweza kupata saratani nyingine ukubwani, ya mfupa, ya ngozi, kwa hiyo uvimbe wowote mwilini asiukalie. Hakunisikia siku hiyo. Ilibidi nirudie mara tatu, siku tatu tofauti. Rudieni, jamani. Mtu aliyepigwa na habari hasikii ya pili.

Nakijwa hakumtazama mama mkwe. Alinitazama mimi. "Kwenye karatasi ya Moshi, ulikuwa umeandika nini?"

Nikamwambia neno kwa neno. Akainuka kwa shida, tumbo lile, akaenda uani akaanza kuanua nguo. Zilikuwa bado zinachuruzika maji. Alizianua zote, akazikunja mbichi hivyohivyo, akaziweka kwenye beseni.

Hakuondoka. Kwa nini hakuondoka sijui, wala sikumwuliza. Lakini hakuongea na mama mkwe miezi mingi, salamu tu.

Mtoto alizaliwa wa kiume, Elisante. Safari hii barua niliiandika upya, nikaweka na ile ya zamani na maelezo kwamba ina kosa na kosa ni langu. Hata kipimo cha damu cha kutafuta ile kasoro hakikungojwa. Moshi wakasema kwa historia hii mtoto aangaliwe tu. Wakamlaza kwa dawa akiwa na wiki tatu. Jicho la kushoto lilikuwa na madoa mawili, madogo sana, mahali ambapo kitochi chetu kisingeyaona kamwe. Wakayachoma siku ileile. La kulia lilikuwa safi, wakasema kwa sasa. Hilo "kwa sasa" zizoeeni. Ugonjwa huu hauna siku ya kusema tumemaliza. Ni kurudi kila wiki nne, mtoto halazwi mpaka anyimwe ziwa asubuhi nzima, analia, anapewa dawa ya usingizi, wanaangalia, mnarudi.

Nilimfuata Nakijwa baada ya safari ya pili, alipokuja chumba chetu kuchukua dawa ya matone. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha. Nikayaanza. Akaniinulia mkono.

"Sista, sina nguvu za kukukasirikia, na sina nguvu za kukusamehe. Nguvu niliyobaki nayo ni ya kumshika wakati wanamlaza. Anapigana, na Eliamani akiona anatoka nje." Akafunga mkoba. "Kama unataka kufanya kitu, twende wote. Umshike miguu."

Basi nimekwenda. Nilikuwa nakwenda kwa siku zangu za likizo, na sasa nakwenda nikiwa mstaafu. Basi la asubuhi kutoka Same, Nakijwa dirishani, mimi pembeni, hatuongei sana. Madoa mengine yalitokea mara moja tu, yakachomwa. Safari ya juzi daktari aliangalia muda mrefu kuliko kawaida, tukiwa tumesimama nje ya mlango tumeshikilia ukuta. Akatoka akasema hakuna kipya. Nakijwa akaitikia, akakaa kwenye benchi na papo hapo akalala, mdomo wazi, kichwa ukutani, viatu miguuni.

Wakanipa mimi mtoto, bado ana usingizi wa dawa. Nilimpakata karibu saa nzima, mkono ukafa ganzi, sikuthubutu kuusogeza. Kisha akajinyoosha, akafumbua macho. Alinitazama kwa yote mawili, akayazungusha usoni kwangu taratibu, akaona wazi kabisa kwamba mimi si mama yake, akaanza kulia.